Kamera ya Mapengo Mawili

Kuna watu wanaozaliwa na shaka, na kuna wanaoisomea. Yule mhadhiri alifanya yote mawili. Utotoni alikuwa akihesabu vipande vya nyama kwenye sahani za ndugu zake kabla hajagusa sahani yake. Ukubwani akaenda kusomea historia ya picha za magazeti, na chuo kikuu kikampa udaktari kwa tabia ile ile ambayo mama yake alikuwa akimchapia. Wanafunzi walimwita Bi Lenzi, kwa sababu hakutoka nyumbani bila kile kioo chake kidogo cha kukuzia, kimefungwa kamba shingoni. Hebu mpe picha za harusi yako uone. Badala ya kusema hongera, atakuuliza kwa nini kivuli cha bwana harusi kimeangukia kushoto na cha bibi harusi kulia.

Mumewe, dereva wa gari la wagonjwa, mtu mpole asiyejua haraka ila akiwa kazini, alishazoea. Alikuwa akiwaambia rafiki zake kwamba mke wake anaweza kumshuku jogoo kwa kuwika asubuhi. Wakicheka, naye anacheka. Lakini akifika nyumbani anaeleza alikopita bila kuulizwa, maana aliona ni heri.

Tumpe haki yake lakini, kazi aliijua. Miaka kumi na mitano alikuwa amechimba gazeti moja tu, gazeti ambalo lilishafungwa zamani, na ndani ya gazeti hilo picha moja tu. Wewe pia umeiona, usiniambie hujaiona. Mwanamke wa kiwanda cha nguo, gauni la kazi limechanika begani, mguu mmoja pekupeku, mkono wa kulia umeinua kiatu juu, na mbele yake safu ya polisi wenye ngao. Imo kwenye vitabu vya shule, imo kwenye fulana, imo kwenye kuta za vinyozi. Mgomo ule ulivunjwa siku hiyo hiyo. Mwanamke mwenyewe alikamatwa siku tatu baadaye, na hakuonekana tena mpaka leo. Chini ya picha, kila mahali, kuna jina moja: Mzee Flashi.

Mzee Flashi alikuwa hai bado, na miaka yake themanini na mbili. Alikaa peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili. Kila Alhamisi mhadhiri alimpelekea mkate na magazeti, wakakaa barazani wakizungumza habari za kamera. Mzee alimwita mwanangu, naye akamwita baba, na si kwa adabu tu, kwa moyo. Sasa kitabu cha mhadhiri kuhusu picha ile kilikuwa kwa mchapishaji, na uprofesa wake ulikuwa unangoja kitabu. Chuo nacho, kwa pendekezo lake yeye mwenyewe, kilikuwa kimekubali kumpa Mzee shahada ya heshima mwezi uliofuata. Joho alishapimwa. Kwa hiyo mtu akikuuliza kilichokuwa hatarini, mwambie ni jina la mzee mmoja, na mtu pekee aliyelishika mkononi ni huyu mama wa kushuku kila kitu.

Mdudu aliingia kwa njia ya karatasi. Mchapishaji aliupeleka mswada kwa msomaji wa siri, ndivyo wanavyofanya hawa wasomi, wanasomana gizani bila kutajana. Ripoti ilirudi na sifa tele, kurasa mbili za sifa, na mwishoni swali dogo: je, mwandishi ameiona negativu yenyewe, ile filamu ya asili, au ametegemea picha zilizochapwa tu?

Mwingine angejibu kwamba negativu ilipotea na mambo yakaisha. Yeye alikaa na swali lile kama mtu aliyekaa na mfupa wa samaki kooni. Akarudi kwenye madaftari yake ya mazungumzo na Mzee. Mara ya kwanza alipomuuliza, Mzee alisema negativu iliungua. Miaka minne baadaye alisema ililiwa na mchwa. Mara ya tatu alisema polisi waliichukua, kisha akahamia kwenye habari za magoti yake. Uongo mmoja unaweza kuwa ni usahaulifu wa mzee. Huu ulikuwa wa aina tatu.

Na aliyeuliza ni nani? Hapo hakuwa na shaka hata kidogo, alikuwa na hakika: ni Jirani. Jirani alikuwa mhadhiri mwenzake wa chumba cha pili, mwanamume wa tabasamu nyingi, ambaye siku hizi hakupita mlangoni bila kuuliza ile picha imefikia wapi. Kwa nini mtu wa historia ya bandari aulize habari za picha? Kikulacho ki nguoni mwako, alimwambia mumewe wakila. Mumewe akasema labda yule bwana anasalimia tu. Akatazamwa kwa jicho ambalo lilimfanya anyamaze na kula.

Stoo ya lile gazeti ilikuwa chini ya jengo ambalo siku hizi wamepanga wauza matairi. Mtunza stoo, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, alimpigia simu Jumatatu asubuhi kwamba bomba limepasuka na rafu za chini zimelowa, kama anazipenda karatasi zake aje wazihamishe. Akaenda mbio. Wakawa wanabeba maboksi na kuyapanga mezani, mama yule akihema na kusimulia, na katika kusimulia akasema kwamba wiki iliyopita alikuja bwana mmoja wa chuo chenu, mcheshi, akapekua maboksi nusu siku. Mhadhiri hakuuliza ni nani. Alizidisha tu kasi ya kufungua.

Boksi la mwisho liliandikwa Mitindo. Hilo hakuwahi kulifungua. Miaka yote alikuwa ametafuta kwenye Migomo, kwenye Polisi, kwenye Viwanda, hata kwenye Mazishi. Mitindo alikuwa akiipita tu, mikoba na mitindo ya nywele itamsaidia nini? Na huyu ndiye aliyekuwa akisimama mbele ya wanafunzi na kuwaambia kwamba historia imewasahau wanawake. Loo. Aliifungua sasa kwa kuwa ilikuwa inachuruzika maji. Bahasha ya saba haikuandikwa kitu. Akatoa kipande kimoja cha filamu, akakiinua kwenye taa, na pale, weusi ukiwa weupe na weupe ukiwa weusi, mwanamke alikuwa ameinua kiatu.

Akaweka kioo chake jichoni. Ukingoni mwa picha, upande wa chini, kulikuwa na mapengo mawili.

Hapa lazima nikueleze jambo la kazi, nalo si gumu. Gazeti lile lilikuwa na wapiga picha wanne na kamera nne zinazofanana. Jioni filamu zote zilisafishwa pamoja na kuanikwa kwenye kamba moja, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, hii yangu, hiyo yako. Fundi wa kamera akachoka na kelele. Akachukua tupa, akafungua kila kamera kwa nyuma, na kwenye ukingo wa kile kidirisha ambapo mwanga huipiga filamu akachonga mapengo madogo: kamera ya kwanza pengo moja, ya pili mawili, hivyo hivyo mpaka ya nne. Tangu siku hiyo kila negativu ilitoka na alama ya kamera yake. Picha ikichapwa ukingo unakatwa, msomaji haoni kitu. Lakini kwenye negativu alama ipo na haifutiki. Aliyemsimulia mhadhiri habari hii ni Mzee Flashi mwenyewe, akicheka mpaka kukohoa. Kamera yake ilikuwa ya tatu.

Mtunza stoo alikuwa na daftari la kutolea kamera, limekaa miaka kabatini bila mtu kulitaka. Siku ya mgomo ilikuwapo. Kamera ya tatu: Flashi, lango la kiwanda. Kamera ya pili: jina refu la mwanamke, majina matatu kamili, na mbele yake, kiwandani, vitambaa vya msimu mpya, ukurasa wa wanawake. Mhadhiri alimkumbuka kwa mbali kutoka kwenye mazungumzo ya watu wa gazeti. Walimwita Dada Mitindo. Alipiga picha za magauni kwa muda mfupi, kisha akaacha kazi, na hakuna aliyewahi kumtafuta.

Sasa sikiliza jinsi shaka inavyofanya kazi. Haikumwambia kwamba hajui. Ilimwambia kwamba anajua kila kitu. Dada Mitindo alikuwa ndani ya kiwanda na vitambaa vyake, mgomo ukalipuka, akapiga picha ya maisha yake. Mwanamume wa kamera ya tatu akaiba. Serikali ilipobadilika na maonyesho yakaanza, akajitokeza kupokea makofi na nishani, na binti wa watu akabaki hana jina. Ndiyo maana negativu iliungua, ikaliwa na mchwa, ikachukuliwa na polisi. Mhadhiri aliumia, na yeye akiumia hukasirika. Alhamisi zote zile. Mkate wote ule.

Siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana, aliketi ofisini akaanza kuandika barua kwa kamati ya shahada za heshima. Mumewe alipompigia simu akamsomea nusu ya barua. Mumewe akauliza kama amemwuliza mzee mwenyewe. Akajibiwa kwamba mwizi haulizwi. Basi huyo dada je, si amtafute kwanza amsikilize? Akajibiwa kwamba akianza kuzungukazunguka, Jirani atamtangulia, maana yule alishaingia stoo. Mumewe akasema haya, wewe ndiye msomi, akarudi kwenye wagonjwa wake. Mhadhiri akamalizia barua, akaandika majina matatu ya Dada Mitindo kwa wino mzito ili haki ionekane, akaambatanisha picha ya negativu na ya daftari, akatuma.

Haikupita nusu saa Jirani akabisha hodi. Aliingia na bahasha na macho mekundu. Alikuwa ametaka kumwonyesha mhadhiri kitu, kwa kuwa ndiye anayeelewa mambo haya. Akatoa picha ya golikipa amejirusha hewani, shati limepanda, mpira uko kwenye ncha za vidole. Ni baba yake. Baba yake alikufa mwezi uliopita na familia haikuwa na picha yake hata moja ya ujana, ndipo yeye akaenda kupekua kwenye ile stoo, akaipata. Ndiyo maana kila siku alikuwa anamwuliza mambo ya picha, alikuwa anaona haya kumwomba msaada moja kwa moja. Mhadhiri alitazama picha ile kwa kioo chake, akasema ni nzuri sana, akasema pole. Alipoondoka Jirani, alibaki akiitazama kompyuta. Barua ilikuwa imeshakwenda.

Lakini hata hivyo, alijiambia, kuhusu Mzee nimepatia. Kesho yake akaenda kumpelekea Dada Mitindo habari njema.

Kwa majina yale matatu haikuwa vigumu kumpata, na hakuwa mbali. Alikuwa mwanamke wa miaka karibu sabini, mwenye duka la kushona sare za shule, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Mbele ya duka, kwenye meza ndefu, mumewe alikuwa akikata kitambaa cha kaptula, mzee mrefu mwenye mkasi mkubwa na kalamu nyuma ya sikio. Mhadhiri akawaamkia, wakaitikia vizuri. Akasema yeye anatoka chuo kikuu, amekuja kwa habari za gazeti la zamani. Fundi hakumwacha amalize. Alivuta utepe wa kupimia kutoka shingoni, akasema aingie ndani apimwe, sketi haipimwi barabarani. Mhadhiri hakuwa amesema neno sketi. Akaingia.

Nyuma ya pazia palikuwa na nafasi ya watu wawili waliosimama. Fundi alimzungushia utepe kiunoni na kumsogelea sikioni.

"Nani amekutuma?"

Mhadhiri akasema hakuna, amekuja kumrudishia haki yake, ameiona negativu, ameona mapengo mawili, anajua picha ya kiatu aliipiga yeye na Flashi aliiba.

"Kiuno thelathini na nane," Fundi akasema kwa sauti, na kule mezani mzee akarudia namba na kuiandika. Kisha akashusha sauti tena, na akasimulia yote hivyo, kipande kipande, katikati ya vipimo.

Alikuwa amekwenda kiwandani kupiga picha za vitambaa, kama ilivyoandikwa. Kelele zilipoanza alikuwa stoo ya juu, akachungulia dirishani. Aliyeinua kiatu alikuwa wifi yake. Dada mdogo wa mumewe, huyo huyo anayekata kaptula hapo nje. Binti alikaa kwao, alilala chumba kimoja na mtoto wao wa kwanza. Fundi alisema hakufikiri, kidole kilikwenda chenyewe. Filamu akaikabidhi gazetini pamoja na vitambaa, na asubuhi mhariri akaiweka ukurasa wa mbele, uso wote unaonekana. Siku ya tatu polisi walikuja nyumbani wameshika gazeti mkononi. Walimlinganisha na picha, pale mlangoni, wakamchukua.

"Nyonga arobaini na mbili."

"Arobaini na mbili," mzee akaitikia.

Halafu polisi walikwenda gazetini kumtaka mpiga picha. Walitaka picha zilizobaki, zenye nyuso za wengine, na walitaka mtu wa kuwatajia majina. Wakati ule gazeti halikuandika jina la mpiga picha, kwa hiyo waliuliza chumba kizima. Flashi akasema ni yeye. Hakumtazama Fundi, hakumwuliza, alisema tu, wakamchukua. Alikaa ndani miezi kumi na minne. Alipotoka alimfuata Fundi sokoni, akamwambia maneno machache tu: watu wa nyumbani kwako wasijue, na akaondoka. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi za polisi miaka mingi kabla ya kuwekwa kwenye ukuta wa maonyesho. Walioliweka ukutani walilitoa huko.

"Mume wangu anajua ni Flashi aliyemwuza dada yake," Fundi akasema. Alikuwa amepiga magoti akipima urefu, na mhadhiri aliona nywele zake nyeupe kutoka juu. "Miaka arobaini na moja, kila akiomba dua anamlaani Flashi. Na mimi niko pembeni yake, naitikia amina."

Mhadhiri akashika kioo chake shingoni. Alijiona mdogo, na alijiona mchafu. Alikuwa ameichukua picha ile miaka yote kama heshima, kitu ambacho mtu angekiiba, kwa sababu alikikuta tayari kimewekwa fremu. Hakuwahi kujiuliza ilikuwa nini wiki ile ilipopigwa. Wiki ile ilikuwa mashtaka.

"Umeshamwambia nani?" Fundi akauliza.

"Bado," mhadhiri akasema. "Sijamwambia mtu."

Nje ya pazia mzee alitaka kujua sketi ni ya rangi gani. Fundi akamjibu kwamba ni bluu.

Alitoka pale akikimbia, mtu mzima na mkoba wake, mpaka kwa katibu wa kamati. Akasema anaomba barua yake irudishwe, kuna kosa. Katibu akamwambia akae apumue. Kosa gani? Barua ilikuwa imewafurahisha watu. Wajumbe wote kumi na mmoja wameshaisoma, shahada ya yule mzee imesimamishwa, alishapigiwa simu asubuhi. Na ofisi ya habari ya chuo imeshawapa magazeti, maana si kila siku chuo kinamgundua mwanamke aliyefichwa. Kesho itakuwa ukurasa wa mbele. Picha, na jina kamili. Katibu alimpa mkono, akamwita profesa kabla ya wakati wake. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya hayakuwa maji.

Akaenda kwa Mzee Flashi. Siku ilikuwa Jumanne, si Alhamisi, na hakubeba mkate. Mzee alikuwa barazani. Alisema wamempigia simu kuhusu joho, si neno, joho lenyewe lilikuwa refu angejikwaa. Mhadhiri akapiga magoti mbele ya kiti chake, akasema yote, aliyoyashuku na aliyoyaandika. Mzee alisikiliza bila kubadilika uso. Kuitwa mwizi hakukumshtua hata kidogo. Aliuliza swali moja.

"Jina umelitaja?"

"Nimelitaja, baba. Majina yote matatu."

Mzee akatazama mikono yake.

"Mimi hawakuniamini, walinipiga miezi kumi na minne nilitaje jina lile," akasema. "Kucha mbili walining'oa. Wewe, mwanangu, nani alikupiga?"

Mhadhiri alilia. Sitakuficha, alilia kwa sauti, na Mzee hakumbembeleza. Alipomaliza, Mzee akamwambia aende nyumbani, na kesho amfuate asubuhi waende dukani pamoja.

Walifika gazeti limeshafika. Mume wa Fundi alikuwa amesimama kwenye meza yake ya kukatia, kitambaa kimesogezwa pembeni, na gazeti limetandazwa mahali pa kitambaa. Fundi alikuwa kwenye cherehani yake kwenye kona, anashona, ameinamisha kichwa. Hakukiinua walipoingia. Mzee wa duka alimwona Flashi mlangoni, na mkono wake ukaufuata mkasi, lakini hakuushika. Alimgeukia mhadhiri.

"Wewe ndiye wa chuo. Sketi ya bluu."

"Ndiyo, baba."

"Imeandikwa hapa kwamba ni wewe uliyegundua. Imeandikwa una ushahidi. Mimi si msomi, kwa hiyo nakuuliza wewe. Picha hii aliipiga mke wangu?"

Miaka kumi na mitano ya kazi, kitabu, uprofesa, kila kitu alichokuwa nacho mhadhiri kilikuwa kwenye jibu la swali hilo. Alijua kwamba akisema hapana leo atalazimika kuisema kesho mbele ya kamati, na keshokutwa mbele ya mchapishaji, na kwamba wenzake watamcheka mpaka atakapostaafu.

"Hapana, baba," akasema. "Nilikosea. Nilisoma daftari vibaya, na kamera walikuwa wakiazimana. Nitaandika hivyo kwenye magazeti yote. Mkeo hahusiki."

"Nilipiga mimi," Mzee Flashi akasema kutoka mlangoni. "Nilishasema tangu zamani, na leo nasema tena. Nimekuja ili mnisikie kwa kinywa changu."

Mume wa Fundi alikunja gazeti. Kisha akamwambia atoke dukani kwake, na asikanyage tena mtaa huo, na Mungu amlipe. Flashi akainamisha kichwa, akashuka ngazi taratibu kwa sababu ya magoti. Mhadhiri alimfuata. Alikuwa na aibu, lakini alipumua, kwa mara ya kwanza tangu jana. Aliamini kwamba wamefaulu. Cherehani nyuma yao ilikuwa inaendelea kulia, sawasawa, bila kukatika.

Alikuwa hajafika barabarani aliposikia mzee wa duka akimsemesha mkewe. Hakuwa amekasirika. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeuliza kitu ambacho hakikuwahi kumpitia akilini kwa miaka arobaini na moja.

"Mama watoto. Siku ile wewe ulikuwa wapi?"

Cherehani ikanyamaza.